Gari la Viti Viwili

Katika mtaa wa mafundi, mtu akitaka muziki kwenye gari alielekezwa kwa Besi. Jina hilo alipewa zamani, kwa sababu sauti yake mwenyewe ilikuwa nzito ya kutokea tumboni, na kwa sababu gari likitoka mikononi mwake lilitetemesha vioo vya maduka. Alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, mfupi, mpana wa mabega, na vidole vilivyojaa makovu madogo ya kisu cha kumenyea waya. Alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye hafungi redio, anafunga sauti. Redio hata dereva anaweza kujifungia.

Karakana yake ilikuwa moja, imegawanywa kati na kabati la bati. Kushoto zilikaa spika, amplifaya, mabunda ya waya na meza ya kulehemu. Kulia kulikuwa na cherehani nzito, ngozi bandia za kila rangi, sponji na makopo ya gundi. Huko ndiko alikofanyia kazi mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viti. Alikuwa ameshona viti na kuvalisha milango ya magari kwa miaka kumi na tisa. Wateja wa mumewe walipita mbele yake kwenda kusikiliza muziki, wakamsalimia, wakapita. Naye aliitikia bila kuondoa mguu kwenye pedali.

Jumatatu moja asubuhi likaingia gari la kijani kilichokolea. Lilikuwa gari la spoti la zamani, limekaa chini kama limechuchumaa, milango miwili, viti viwili, na buti ya kutosha sanduku moja na mwavuli. Akashuka mwanamume mrefu, shati limenyooka pasi, mikono misafi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alikuwa daktari wa meno, mwenye kliniki mitaa mitatu kutoka pale.

"Fundi, gari hili nimelitamani tangu niko shule," alisema. "Kila kitu nimekirudisha kama kilivyotoka kiwandani, isipokuwa muziki. Redio inatafuna kanda na spika karatasi zimeoza. Nataka sauti ya siku hizi, ila nisione tobo jipya hata moja kwenye dashibodi."

Besi alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma. Ujanani aliwahi kukata picha ya gari la namna ile kwenye gazeti, akalala nayo chini ya mto miezi kadhaa. Yeye alikaribia miaka hamsini akiendesha gari la mizigo lenye mlango mmoja unaofunguka kwa nje tu. Na huyu mng'oa meno, aliyeonekana kumpita kwa miaka mitatu minne tu, amelipata na bado anafuta kioo chake kwa kitambaa cha mfukoni. Kijiba cha kwanza kikamkaa rohoni hapo hapo.

"Linawezekana," akasema. "Njoo Ijumaa."

Kazi ilikuwa ya kutoa jasho. Aliufungua uso wa redio ya zamani akautoa matumbo, akapachika mtambo mpya ndani yake, vitufe vilevile, mwanga uleule. Amplifaya nyembamba aliichomeka chini ya kiti cha dereva. Spika kubwa zikaingia milangoni, na zile ndogo za sauti nyembamba zikajificha kwenye pembe za dashibodi, chini ya nyavu za asili. Ndani ya milango alibandika karatasi nzito za lami ili bati lisipige kelele. Jambo moja tu lilimkwaza. Siku zote waya mnene wa betri aliupitisha upande mmoja wa gari na waya za sauti upande wa pili, ili umeme usiingie kwenye sauti. Humu upande wa pili ulishikwa na mabomba, hakukuwa na pa kupenyeza hata kidole. Akazilaza zote pamoja kwenye mfereji mmoja chini ya zulia. Akawasha, akasikiliza, akaridhika.

Kava za milango zilikuwa zimepasuka kwa jua, hivyo Mama Viti alizivua na kuzivalisha ngozi upya. Ijumaa daktari alipofika, alimkuta mama huyo amekaa kiti cha abiria, anabonyeza ukingo wa mwisho gundi ishike.

"Endelea tu, mama, usijisumbue," daktari alisema, akaingia upande wa usukani na kuwasha injini. Besi akasimama nje, ameegemea dirisha, tayari kupokea sifa.

Muziki ulijaa. Daktari alitabasamu. Mama Viti aliacha kubonyeza gundi.

"Kuna mbu," alisema.

"Mbu gani?" Besi aliuliza.

"Kuna mlio mwembamba kama mbu. Daktari akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unashuka."

Besi aliingiza kichwa dirishani akatega sikio. Alisikia ngoma, gitaa, injini. Mbu hakumsikia. "Hakuna kitu," alisema.

"Upo," mkewe alijibu, bila kupandisha sauti.

Daktari alimtazama mama, akaitazama redio, kisha akamgeukia Besi. "Mama yuko sawa, fundi. Upo."

Besi alihisi kama amezabwa kibao mbele ya watu. Miaka ishirini na saba anafunga sauti, hakuna aliyewahi kumwambia kitu kama hicho. Sasa anaambiwa na mtu wa sponji na uzi, na mng'oa meno anatikisa kichwa kukubali.

"Tulitoe barabarani," daktari alisema. "Mama asikilize unapotokea."

"Niende mimi," Besi akasema.

"Wewe hujausikia, fundi. Utatafuta usichokijua?" Daktari aliuliza bila ubaya wowote, na hilo likauma zaidi. Mama Viti alimtazama mumewe kidogo, kama anayengoja neno. Kisha akafunga mlango. Gari likatoka.

Muuza matairi wa jirani, mwanamke asiyeweza kuona kitu akakimezea, alisogea hadi ukingoni mwa duka lake. "Besi," aliita, "gari la viti viwili lile. Wewe walikuambia ukae wapi, kwenye buti?"

Besi alicheka kicheko cha meno tu, akaingia ndani. Akashika bisibisi, akaiweka. Akatazama saa. Alijiambia wanakwenda hadi mzunguko na kurudi, dakika kumi. Zilipita kumi, zikapita ishirini. Alifagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. Kwenye kichwa chake aliwaona wamekaa bega kwa bega, vioo vimefungwa, wanasikia pamoja kitu ambacho yeye hakupewa. Angalau wangekuwa wanazungumza angejua awaze nini. Hiki cha kusikiliza pamoja kilimchoma kuliko maneno.

Walirudi baada ya dakika arobaini. Mama Viti alishuka kitambaa kimemwangukia mabegani, nywele zimechezewa na upepo, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Besi hakuwa amekiona kwa muda mrefu. Alikuwa anacheka.

"Umeupata?" Besi aliuliza.

"Unatoka chini ya zulia, upande wangu. Nadhani waya zako zimelaliana."

Kuambiwa waya zake zimelaliana, na kuwa kweli zimelaliana, ni vitu viwili vilivyomkaba kwa pamoja. Akamwambia daktari aliache gari hadi kesho.

Jioni, mezani nyumbani, Besi alikula macho yakiwa kwenye sahani. Watoto wao wawili walishahama kuanza maisha yao, na kimya cha nyumba ile kilikuwa na nafasi ya kutosha.

"Mliongea nini?" hatimaye aliuliza.

"Sauti."

"Dakika arobaini za sauti?"

Mkewe aliweka kijiko chini, akamtazama kama anayepima kitambaa. "Baba watoto, unauliza nini hasa?"

"Siulizi kitu."

"Haya," alisema, akaendelea kula.

Jumamosi asubuhi mkewe alikwenda kununua gundi. Besi akabaki peke yake na gari. Badala ya kuinua zulia na kutenganisha waya, alivua kava la mlango wa kulia, akachomoa nyaya mbili za spika na kuzirudisha kinyume, ya chanya kwenye hasi, ya hasi kwenye chanya. Ni kosa dogo ambalo asiye fundi haligundui kwa macho. Kila spika ikiimba peke yake, haina tatizo. Zikiimba pamoja, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na ule uzito wa muziki unayeyuka. Mpango wake ulikuwa rahisi. Daktari atakuja, Mama Viti atakaa na kuanza tena habari za mbu, na jambo kubwa namna hii litampita. Hapo yeye Besi atasema, "Jamani, hamsikii kwamba uzito umekufa?" Ataingiza mkono mlangoni, muziki utarudi, na kila mtu atajua masikio ya nani ni masikio.

Alijua ni upuuzi wakati anafanya. Mikono ilifanya tu.

Daktari alikuja saa sita. Mama Viti aliingia kiti cha abiria, akafumba macho. Haikupita nusu dakika.

"Huyu mwimbaji jana alikuwa amekaa hapa mbele yangu," alisema. "Leo sijui yuko wapi."

Akafumbua macho, akapeleka muziki wote kushoto. Ukawa mzima. Akaupeleka kulia. Mzima. Akaurudisha katikati, ukawa mwembamba kama uji uliozidishwa maji. Alibaki ameshika kitufe. Kisha aligeuza shingo polepole akamtazama mumewe aliyesimama dirishani, na Besi akaona kwamba amejua. Si spika tu. Amejua mkono, amejua saa, amejua na sababu.

"Kuna tatizo?" daktari aliuliza.

"Ni mimi, daktari," Mama Viti alisema. "Jana jioni nilipokuwa narudisha kava la mlango nilichomoa waya. Naona nimezirudisha kinyume. Nisamehe."

"Hamna neno, mama. Kazi ni kazi," daktari akasema, kisha kwa Besi: "Bahati nzuri fundi mwenyewe yupo."

Besi akapiga magoti kando ya mlango, akavua kava, akarekebisha kosa la mkewe ambalo halikuwa la mkewe. Uzito wa muziki ulirudi. Daktari akampiga piga begani kumsifu. Besi alitamani ardhi ipasuke. Walikubaliana kwamba ule mlio wa mbu utashughulikiwa Jumatatu, na daktari akaondoka kwa miguu kuelekea kliniki.

Mama Viti hakwenda kwenye cherehani. Alivuta kigoda akakaa upande wa mumewe wa kabati, mahali ambapo kwa kawaida hakukaa.

"Tangu lini husikii?" aliuliza.

"Nasikia."

"Simu yako ikilia ule mlio mwembamba, mimi ndiye ninayekuitia. Ukisahau kuzima taa za gari lako linapiga kelele, unatembea na kelele hizo mgongoni hadi mlangoni bila kugeuka. Miaka miwili sasa."

Besi alishika koleo, akaanza kulifungua na kulifunga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Besi aliliweka koleo chini. Akasema, sauti imeshuka hata kwake yeye, "Nilikuona ulivyoshuka kwenye lile gari. Ulikuwa mtu mwingine."

"Nilikuwa mtu mwingine," mkewe alikubali. "Nataka nikwambie kwa nini, halafu ukitaka kununa nuna. Miaka kumi na tisa niko upande ule. Kila gari unalofunga nalisikia kabla mwenyewe hajafika. Najua lini umepatia na lini umelipua. Siku moja umewahi kuvuka kabati hili ukaniuliza unaonaje? Yule daktari alinipeleka barabarani, akafunga mdomo wake, akaniuliza, mama, unasikia nini? Nikamwambia, akaamini. Ndiyo nilicheka. Hata kesho nitacheka."

"Kwa hiyo yeye ni bora."

"Yeye ni mteja," Mama Viti alisema. "Na unaponichomolea waya, ujue nilikuficha kwa sababu ni jina lako lililoko mtaani. Mara ya pili sikufichi."

Akainuka, akarudi kwenye cherehani. Ilipoanza kuunguruma, Besi hakujua kama anashona au anaikanyaga kwa hasira tu.

Jumatatu alfajiri, kabla mtaa haujachangamka, Besi aliinua zulia la gari la kijani. Alipima na kupima, mwishowe akapata njia ya kupitisha waya za sauti juu, nyuma ya dashibodi, mbali na waya wa betri. Kisha alifanya jambo ambalo mdomo wake ulilikataa mara tatu kabla ya kulitoa. Alivuka kabati.

"Njoo unisikilizie," alisema.

Mkewe aliingia garini. Besi alibonyeza pedali ya mafuta kwa mkono, amejikunja chini ya usukani, macho yamekaza usoni mwa mkewe kwa kuwa masikio hayakuwa na faida. Alisogeza waya kidogo; paji la uso la mama likakunjamana. Akausogeza zaidi, likalegea, isipokuwa kona moja ya mdomo. Akalegeza skrubu iliyoshika waya wa hasi kwenye bodi ya gari, akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, akakaza tena.

"Hapo," mkewe alisema.

"Una hakika?"

"Umeondoka."

Ikambidi amsadiki. Hakuna kitu kilichokuwa kigumu kwake kama hicho, kusadiki kwamba kitu asichokisikia hakipo tena. Alimwonea wivu hata wakati anamshukuru. Mkewe alikuwa na chumba kizima cha sauti ambacho yeye alifungiwa nje, na aliingia na kutoka humo anavyotaka.

Daktari alipofika saa tisa, Besi alimwomba atoke nje kidogo. Walisimama kando ya karakana, karibu na duka la matairi, na muuza matairi akajitia kuhesabu matairi yake.

"Jumamosi hakukosea mke wangu," Besi alisema. "Zile nyaya niligeuza mimi. Kwa makusudi. Nilitaka aonekane hajui."

"Kwa nini?" daktari aliuliza.

"Mlisikia wawili. Mimi nikabaki nje."

Daktari alitazama viatu vyake. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Fundi, ule mlio mimi sijawahi kuusikia. Miaka ishirini na tano nashikilia mashine ya kutoboa meno karibu na kichwa changu. Nilipimwa mwaka juzi, sauti zote nyembamba zimekwenda."

"Ulisema upo."

"Nilimtazama mama usoni. Mtu hafanyi uso ule kwa kitu kisichokuwepo. Nikamwamini."

Besi angependa kama mtu huyu angekiri jambo lolote lingine. Angekiri hata kwamba alimtamani mkewe, angalau angekuwa na cha kumpigia. Kumbe walikuwa viziwi wawili pale, na aliyemjua mwanamke huyo kwa juma moja ndiye aliyemsikiliza, na aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na minne ndiye aliyembishia. Akampa daktari ufunguo wake. Daktari akampa jina la kliniki ya masikio, akaingia garini, na gari la kijani likaondoka.

Kwenye ile kliniki Besi alikwenda baada ya wiki tatu za visingizio, mkewe amemshika kiwiko kama mtu anayepelekwa kuchanjwa. Mstari kwenye karatasi ya kipimo ulianza juu, ukatembea vizuri, halafu ukaporomoka kama barabara iliyokatika. Mpimaji alisema sauti nzito zote anazo. Mama Viti akasema hizo ndizo zilizoharibu nyingine, na mpimaji akakubaliana naye, na Besi akahisi tena lile joto la zamani la kuona watu wawili wanaelewana mbele yake.

Tangu hapo kazi ikawa hivi: yeye anafunga, mkewe anasikiliza, na gari halitoki mpaka mama aseme hapo. Habari zilienea. Wakaanza kuja wateja wanaoingia moja kwa moja upande wa kulia wa kabati, wanampita Besi na salamu ya haraka. Siku ya kwanza ilipotokea alilehemu vibaya mara mbili. Mkewe alisikia, kwa kuwa alisikia kila kitu. Alituma chai ipitishwe upande wa pili.

Mwezi wa nane waliita mchoraji wa vibao, maana mlangoni hapakuwa na kibao chochote, watu walikuja kwa kuelekezana tu. Mchoraji alipiga rangi nyeupe, akagawa ubao nusu kwa nusu. Kushoto akaandika BESI. Kulia akaandika MAMA VITI. Chini ya jina la kushoto akaandika umeme, redio na spika. Chini ya la kulia akaandika viti na milango. Halafu akageuka na brashi inadondoka.

"Limebaki neno sauti," alisema. "Niliweke upande wa nani?"

Mama Viti alikuwa ndani, anakata sponji, na kisu chake kilisimama. Besi alijikuna shingo. Alikitazama kibao kwa muda ambao ulimchosha mchoraji.

"Weka kwake," alisema.

Mchoraji akaandika. Alipokwisha kukusanya makopo yake na kwenda zake, Besi alichukua futi ya kupimia, akapanda kwenye kigoda, akapima herufi za upande wa mkewe, kisha za upande wake. Zililingana. Akapima tena kuhakikisha.